Kumpokonya Bakteria Ngao Yake

Wanafunzi wetu hapa Mikinduri wanakifahamu vyema kimeng'enya cha mate kinachogeuza wanga kuwa sukari. Nasikitika kwamba hawaambiwi habari za vimeng'enya vinavyomnyima mgonjwa dawa.

Penisilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wao. Lakini baadhi yao hutoa kimeng'enya, beta-laktamasi, kinachoikata dawa hiyo kabla haijawadhuru. Mwaka 2001 watafiti, wakiwemo wa KEMRI, walitangaza aina mpya iliyopatikana katika Klebsiella ya wagonjwa wa humu nchini. Iliitwa CTX-M-12, nayo hukata hata sefotaksimi, dawa ya sindano ambayo hospitali huitegemea.

Zamani kidogo, wataalamu wa kampuni ya Beecham ya Uingereza waliwaza hivi: adui akiwa na ngao, mbona tusimpokonye, badala ya kunoa mkuki mwingine? Walichanganya penisilini na Klebsiella katika sahani za agari. Bakteria wakaikata dawa, wakaota. Kisha wakajaribu juu yake majimaji ya viini mbalimbali vya udongoni. Palipotokea duara safi, pasipoota kitu, kimeng'enya kilikuwa kimezuiwa na penisilini imefanya kazi yake. Hivyo ndivyo ilivyopatikana asidi ya klavulaniki kutoka kwa Streptomyces clavuligerus, kiini cha udongo wa Amerika ya Kusini. Yenyewe ni dhaifu mno kuua. Kazi yake ni kuzuia. Mwaka 1981 ilianza kuuzwa Uingereza pamoja na amoksilini kwa jina Augmentin, ambayo leo imo katika maduka yetu ya dawa.

Imo, na kuna wanaoinunua vidonge viwili vitatu kama peremende! Hali vimeng'enya vingine vimekwisha kuishinda asidi hiyo. Kimoja, NDM-1, kiliripotiwa Nairobi mwaka 2011. Msako wa vizuizi vipya ungali ukiendelea duniani, nami sioni kwa nini vijana wa Meru wawe watazamaji.

Walimu wenzangu, kukuza Klebsiella shuleni ni hatari, tusithubutu. Mate, wanga na ayodini vyatosha. Mwanafunzi atie maji ya majani ya chai katika mrija mmoja na maji matupu katika mwingine, kisha apime kwa ayodini. Rangi ya samawati ikidumu katika ule wa kwanza na kutoweka katika wa pili, kimeng'enya kimezuiwa. Mwulizeni ni nini kilichokizuia, na aendelee na majani mengine ya shambani kwao.