Adui Abadiliye Kanzu

Mtu wa Manyoni hahitaji kuelezwa ndorobo ni nini. Mfugaji amjua, na mrina asali aingiaye misitu ya Itigi na Rungwa amjua zaidi, kwa kuwa nzi huyo humwuma mchana kweupe, hata juu ya shati. Lakini ndorobo ni mchukuzi tu. Muuaji ni kijidudu kisichoonekana kwa macho, kikaacho katika damu. Twapenda kukizungumza leo, kwa sababu habari zake zaonyesha faida ya elimu ambayo wengi wetu twaidhania kuwa anasa ya wenye maabara: elimu ya chembe hai.

Kijidudu hicho huitwa tripanosoma, na mwili wake mzima ni chembe moja. David Bruce alikiona mwaka 1895 huko Zululand, katika damu ya ng'ombe wenye nagana. Miaka michache baadaye malale yakazuka Busoga na kandokando ya Ziwa Viktoria, yakaua watu zaidi ya 200,000.

Yafaa kuuliza: chembe moja yaushindaje mwili wa binadamu? Jibu ni kanzu. Kijidudu hiki kimejifunika protini za namna moja, karibu 10,000,000, zilizosongamana kama nyasi za paa. Askari wa damu hujifunza kuitambua kanzu hiyo, wakawaua waivaao. Lakini wachache wamekwisha kuvaa nyingine. Ndiyo maana homa hushuka, kisha ikapanda tena. Ramani ya jeni zake, iliyotangazwa mwaka 2005, ilithibitisha kuwa kina akiba kubwa mno ya jeni za kanzu, nyingi zikiwa vipande vinavyoweza kuungwa kufanya kanzu mpya. Kwa sababu hiyo chanjo ya malale haijapatikana. Utamchanjaje mtu dhidi ya adui ambaye kesho hatakuwa na sura ya leo?

Hapo pana jambo la pili. Kijidudu cha nagana na kile cha malale ya Afrika Mashariki hufanana kabisa katika hadubini, lakini kimoja humwua ng'ombe na hakimdhuru mtu, na kingine humwua mtu. Zamani wataalamu walivipambanuaje? Jibu liko karibu nasi, katika Shinyanga, mahali paitwapo Tinde. Kuanzia mwaka 1934, kwa zaidi ya miaka 20, wataalamu wa serikali ya kikoloni walikipitisha kijidudu cha malale kutoka mnyama hata mnyama kwa kuumwa na ndorobo, na mara kwa mara wakawaambukiza Waafrika ili waone kama bado chaweza kumwingia binadamu. Kumbukumbu zao zawaita watu hao waliojitolea, na baada ya kuambukizwa walitibiwa. Lakini neno kujitolea lina uzito gani mbele ya serikali isiyochaguliwa na watu wake? Mwili wa Mwafrika ulifanywa chombo cha kupimia.

Elimu ya chembe hai imeleta njia isiyohitaji kumwambukiza mtu. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kuwa kijidudu cha malale yetu kina jeni moja, iitwayo SRA, kilichokosa kile cha nagana. Mwaka 2003 wakaeleza kazi yake. Damu ya mtu ina protini ambayo kijidudu huimeza, nayo hutoboa kifuko kilicho ndani yake hata kikafa. Yaani silaha tunayo wenyewe, tangu kuzaliwa. Jeni ya SRA hutengeneza protini nyingine iikamatayo silaha hiyo na kuifunga mikono. Basi leo tone la damu ya ng'ombe na kipimo cha jeni vyatosha kutoa jibu lililotafutwa Tinde katika miili ya watu.

Faida yake ilionekana upesi Uganda. Malale yalipozuka wilayani Soroti mwaka 1998, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa ugonjwa uliletwa na ng'ombe walionunuliwa mnadani kutoka wilaya zenye malale. Ng'ombe mwenye afya machoni alibeba kifo cha mwenye nyumba. Wafugaji wa Manyoni, wanunuao na kuhamisha mifugo kila msimu, wayatafakari haya.

Dawa nazo zimesogea mbele. Kwa miaka mingi mgonjwa ambaye malale yamemfika ubongoni alipigwa sindano ya melarsoprol, dawa yenye sumu ya aseniki, ambayo yenyewe iliwaua baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli, vimezwavyo kwa siku 10, kwa malale ya Afrika Mashariki pia, baada ya kujaribiwa Malawi na Uganda.

Lakini kidonge kilichoko ghalani hakimponyi mtu aliyeko porini. Twasema hivi: kila arejeaye kutoka msituni na kushikwa na homa asikubali kupewa dawa ya malaria peke yake; amwambie mganga kwamba aliumwa na ndorobo, na damu yake itazamwe katika hadubini. Ng'ombe watokao penye ndorobo watibiwe kabla ya kuhamishwa. Na shule zetu za sekondari zipewe hadubini zifanyazo kazi, si picha za hadubini ubaoni.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Adui huyu amekuwa akibadili kanzu tangu zamani. Waliomvua kanzu hiyo ni watu waliosoma. Hatuoni sababu ya watu hao wasitoke Manyoni, kwa wale waumwao na ndorobo.