Supakapasita haitakufikisha asubuhi

"Nikitupa betri niweke supakapasita, si taa zitawaka hadi asubuhi?" Swali hili naulizwa Garissa mjini, naulizwa Dadaab, na muulizaji huwa keshalewa video za simu: kifaa kinajaa kwa sekunde, hakifi, hakijali joto. Jibu ni hapana. Tupige hesabu.

Safu moja ya kawaida ina seli sita za volti 2.7, kila moja faradi 500. Ukiziunga mfululizo unapata volti 16.2, lakini faradi zinashuka hadi 83. Zidisha nusu ya faradi hizo kwa kipeo cha pili cha volti: jouli 10,900 hivi, yaani wati-saa 3. Hata hizo huzipati zote, maana volti ya kapasita huporomoka kadiri unavyoitumia, na vifaa vingi vya volti 12 huzima ikikaribia 11. Unabaki na wati-saa 1.6. Balbu ya wati 5 itawaka dakika 20, basi. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, hata ukitumia nusu yake tu, inakupa wati-saa 600.

"Si niongeze safu?" Ongeza! Kilo moja ya supakapasita hubeba wati-saa 5 hadi 10. Kwa hiyo ukiuziwa kasha la kilo 30 linaloahidi wati-saa 3,000, ndani mna lithiamu au mna uongo. Na hilo la kutojali joto? Kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri wake hupungua kama nusu. Chini ya mabati ya Garissa, jaza mwenyewe.

Wengine wanataka kujitengenezea kwa makaa ya mathenge. Mti tunao tele, lakini makaa si kaboni ya supakapasita. Hiyo huchomwa tena kwa mvuke au potasi kwenye nyuzi 700 hadi 900, mpaka vitundu vya gramu moja viwe na eneo la mita za mraba zaidi ya 1,000. Huoshwa majivu, hupakwa kwenye karatasi ya alumini, hufungwa pakavu kabisa. Makaa ya jiko na maji ya chumvi mkebeni? Maji huanza kuvunjika kwenye volti 1.23. Utachafua mkebe tu.

Kazi ya supakapasita ni nguvu nyingi kwa muda mfupi. Mabasi ya Shanghai yanayotumia supakapasita yalianza kuchajiwa vituoni mwaka 2006. Hata mtambo wetu wa sola wa Garissa wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, ungefaidika nayo wingu linapopita; usiku, hapana.

Sasa ya kufanya. Jenereta ya kisima inasumbua kuwaka: hapo supakapasita inafaa, isaidie betri. Pampu ya sola: pandisha maji mchana, tangi ndilo akiba yako. Nyumbani: nunua lithiamu ya fosfeti ukiweza; ukibaki na ya asidi, usiishushe chini ya nusu. Zote ziweke kivulini, penye hewa. Na muuzaji akikutajia faradi, mwulize wati-saa ni ngapi. Asipojua, rudisha pesa mfukoni.