Je, Wajua? Nyumba Iliyoletwa na Treni

Kati ya 1908 na 1940, Mmarekani aliweza kuagiza nyumba nzima kwa posta. Kampuni ya Sears iliuza zaidi ya 70,000. Nyingi zilifika kwa behewa, mbao zimeshakatwa na kutiwa namba: vipande hadi 30,000, misumari ndani yake, na kitabu cha maelekezo juu. Kuziunganisha ilikuwa shauri la mnunuzi.

Leo baadhi ya nyumba za Marekani hutoka kiwandani zimeshasimama. Aina moja hujengwa juu ya fremu ya chuma na kukokotwa na lori. Magurudumu huondolewa, fremu hubaki chini ya sakafu maisha yote. Tafuta kibati chekundu nje ya ukuta: nyumba imefuata kanuni ya serikali kuu iliyoanza 15 Juni 1976.

Aina nyingine haina fremu hiyo. Vyumba huinuliwa kwa kreni na kukalishwa juu ya msingi, kwa kanuni za ujenzi za eneo lenyewe.

Mfano wa ajabu zaidi uko Montreal, Kanada. Habitat 67 ni maboksi 354 ya zege, yaliyotengenezwa katika kiwanda kilichowekwa palepale, kisha yakapandanishwa. Paa la mmoja ni bustani ya jirani yake wa juu.