Udi hauondoi uvundo

Mvua za mwaka zikishika, nyumba nyingi za Mji wa Kale hunuka uvundo. Nasi dawa yetu ni kufukiza udi. Kwetu tulifukiza kila Alhamisi, hadi nilipofungua kabati na kukuta msahafu wa marehemu babu umeota ukungu, kurasa zimegandana.

Udi hufunika harufu tu. Ukungu wabaki nyuma ya kabati, na mwenye pumu aendelea kukohoa usiku.

Ukungu huota penye unyevu, basi ondoa unyevu. Ziba paa na mabomba yanayovuja. Usianike nguo mbichi chumbani. Maji yake huingia hewani, kisha ukutani. Sogeza kabati upana wa kiganja kutoka ukutani. Jua likitoka, fungua madirisha ya pande mbili upepo uvuke, na godoro lipate jua.

Kuta zetu za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Tukizipiga saruji na rangi ya mafuta, maji hufungika ndani na rangi hubambuka. Lipu ikiharibika, rudisha chokaa.

Ukungu uliokwisha ota ufute kwa siki, kisha pakaushe. Siki usiichanganye na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Hutoa hewa ya sumu.

Udi tufukize, ni ada yetu. Lakini iwe katika nyumba iliyo kavu.