Bibi Kizee Asiachwe Peke Yake

Ndugu msomaji, leo sitaandika juu ya choo wala maji ya kuchemsha. Nataka tuzungumze juu ya bibi yako. Kama huna bibi, mfikirie mama kizee aliye jirani yako. Jiulize: tangu jana, nani amemwamkia?

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Nilipokuwa mgeni hapa, bibi mmoja alikuwa akija zahanati kila Jumatatu. Jumatatu hii anaumwa kichwa. Jumatatu ijayo anaumwa mgongo. Nyingine hapati usingizi. Nilimpima damu, nikampima presha. Sikuona ugonjwa. Nilimpa vidonge vya maumivu, naye alishukuru.

Lakini hakuondoka. Jumatatu ni siku ya kliniki ya watoto. Bibi alikaa kwenye benchi nje, pamoja na akina mama. Alimpakata mtoto wa huyu, akamchekesha mtoto wa yule. Jua likipinda, alikwenda zake.

Mimi nilidhani ananipotezea wakati. Siku moja nilimwambia, "Bibi, wewe ni mzima. Usije tena mpaka uumwe."

Akanijibu, "Haya, mjukuu wangu."

Hakuja tena. Jumatatu tatu zilipita. Ya nne nilikwenda nyumbani kwake. Nilimkuta amelala mchana, amekonda, na mafiga yamepoa. Unga ulikuwapo ndani. Nilimwuliza kwa nini hapiki.

Alisema, "Nipike, nile na nani?"

Ndugu msomaji, siku ile nilijua kwamba nilikosea. Bibi yule alikuwa mgonjwa kweli. Ugonjwa wake ulikuwa upweke, na dawa yake ilikuwa lile benchi. Mimi ndiye niliyemnyang'anya dawa.

MACHO MEKUNDU SI UCHAWI

Kwa nini bibi alikuwa peke yake? Mume wake alifariki. Watoto wake wako mjini. Wanatuma fedha, lakini hawaji. Majirani nao walikuwa wamewakataza watoto wao kupita kwake. Walinong'ona kwamba macho yake ni mekundu.

Sikiliza vizuri. Mwanamke anayepika miaka 50 kwa kuni au kwa mavi ya ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa mekundu. Ni moshi. Hata mkwe wako, hata mama yako, atayapata macho hayo. Wengine wana ugonjwa wa macho unaotibika.

Minong'ono hii si mchezo. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza, Geita na Tabora, mamia ya wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Kabla ya panga kuja, kwanza watu huacha kumwamkia. Bibi asiyetembelewa hana mtu wa kumtetea.

UPWEKE HULETA MAGONJWA

Mtu mpweke hulala vibaya, hula vibaya, na huacha kutumia dawa zake. Upweke wa muda mrefu unaongeza hatari ya ugonjwa wa moyo, kiharusi, kisukari, kupoteza kumbukumbu na huzuni kubwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2025. Lilikisia kwamba upweke unahusika na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka duniani. Vifo hivyo ni vya wazee na vijana pia.

Basi jambo hili si la kijiji chetu tu. Tuone wenzetu wa nchi nyingine wanafanya nini.

MABIBI WA HARARE

Mjini Harare, nchini Zimbabwe, kuna mtaa unaoitwa Mbare. Mwaka 2006 daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliona kwamba wagonjwa ni wengi na madaktari ni wachache sana. Alianza kazi na mabibi 14. Aliwafundisha namna ya kumsikiliza mtu mwenye mawazo mengi. Hali hiyo Washona wanaiita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi.

Bibi hukaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mwenye shida hukaa karibu naye. Bibi husikiliza. Kisha wote wawili huchagua tatizo moja na kutafuta njia ya kulitatua. Benchi hilo linaitwa Benchi la Urafiki.

Je, linafaa? Matokeo ya uchunguzi yalitolewa mwaka 2016. Watu 573 waligawanywa katika makundi mawili. Baada ya miezi sita, katika kundi la benchi, watu kama 14 tu kwa kila 100 walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa. Katika kundi jingine walikuwa kama 50 kwa kila 100. Mabibi wenyewe pia husema kazi hiyo inawapa nguvu. Mtu akihitajiwa, huamka asubuhi na sababu ya kuamka.

UPATU WA OKINAWA

Sasa twende mbali zaidi, nchini Japani. Wanawake wa huko huishi wastani wa miaka 87 hivi. Katika visiwa vya Okinawa kuna desturi inayoitwa moai. Ni upatu kama wetu. Watu wachache hukutana kila mwezi, huchanga fedha, na kila mmoja hupokea kwa zamu. Lakini fedha si jambo kubwa pekee. Hunywa chai, huzungumza, hucheka. Asipokuja mmoja, wenzake huuliza yuko wapi.

Chakula cha asili cha Okinawa kina mboga nyingi, na wazee wengi hulima bustani. Hayo nayo husaidia. Lakini angalia jambo hili: mzee aliye katika moai ana wenzake wa kumwulizia asipoonekana. Bibi wa kijiji chetu hakuwa nao.

TUFANYE NINI?

1. Mwamkie bibi kila siku. Shikamoo haina gharama.

2. Mtume mtoto ale naye. Chakula cha watu wawili huliwa. Cha mmoja huachwa.

3. Mwite katika upatu, ngoma, sala na kisomo. Mfuate nyumbani kama miguu haina nguvu.

4. Mpe kazi ndogo anayoiweza, na umwombe ushauri. Usimfanye mgeni katika nyumba yake.

5. Wewe uliye mjini, kutuma fedha ni vizuri. Piga simu pia. Nenda ukamwone.

6. Mlete zahanati. Si kila ugonjwa wa mzee ni upweke. Huenda ni presha, kisukari au mtoto wa jicho. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bila malipo.

7. Ukisikia minong'ono ya uchawi, usikae kimya. Mwambie mwenyekiti wa kijiji mapema.

Yule bibi nilimwomba radhi. Nilimwomba arudi kila Jumatatu anisaidie. Sasa huwashikia akina mama watoto wao wakati wa kupima uzito. Vidonge haombi tena. Jirani mmoja alitengeneza dirisha katika jiko lake. Lakini iko nyumba moja ambayo bado inamkataza mtoto wake kupita kwa bibi. Kazi haijaisha.

MASWALI YA KUJADILI KISOMONI

1. Taja wanawake wazee wanaoishi peke yao katika kitongoji chenu. Nani alimtembelea kila mmoja juma hili?

2. Kwa nini macho ya mwanamke mzee huwa mekundu?

3. Je, kijiji chenu kinaweza kuwa na benchi la mabibi? Liwekwe wapi?