Efekti Ndani ya Gitaa: Ipi Inastahili Kukaa Humo?

Sauti ya gitaa la umeme huanza ikiwa dhaifu. Uzi wa chuma unapotetema juu ya pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kama unywele, huzalisha umeme ambao kwa kawaida haufiki hata volti 1. Umeme huo hupotea njiani kwa urahisi. Kebo ya gitaa ina uwezo wa kuhifadhi chaji, takribani pikofaradi 100 kwa kila mita, na kadiri inavyorefuka ndivyo sauti kali za juu zinavyofifia. Saketi ndogo ya betri ya volti 9 ikiwekwa jirani na pikapu huyapa mawimbi nguvu kabla hayajaingia kwenye kebo, na hasara hiyo ikapungua sana. Kwa hiyo kuweka elektroniki ndani ya gitaa kuna sababu ya kifizikia.

Hata hivyo, sababu hiyo haihalalishi kila efekti, yaani kila saketi inayoibadilisha sauti. Miaka ya 1960, kampuni ya Vox ya Uingereza iliuza magitaa yaliyotengenezwa Italia yakiwa na efekti za mkwaruzo na wah (inayoifanya sauti ilie kama “wa-wa”) ndani kwa ndani, lakini pedali za sakafuni ndizo zilizotawala. Mpigaji mikono yake yote ina kazi. Mguu ndio ulio huru. Isitoshe, mbao hudumu miongo mingi ilhali saketi huharibika au kupitwa na wakati. Electra MPC ya miaka ya 1970 ilijaribu kulitatua hilo kwa vijisanduku vya efekti vinavyochomekwa mgongoni mwa gitaa na kuchomolewa.

Atakayepinga atamtaja Matt Bellamy, mpiga gitaa wa bendi ya Muse, ambaye magitaa yake yaliyotengenezwa na Manson yana mkwaruzo ndani na kioo cha kuguswa kwa vidole. Ni kweli kidole ni chepesi kuliko mguu. Lakini kioo hicho hutuma amri tu; mtambo unaoigeuza sauti unakaa nje ya gitaa. Wepesi wa kidole, basi, haudai efekti yenyewe ihamie ndani.

Kuna kifaa kimoja kisichoweza kukaa sakafuni: sasteina. Huchukua mawimbi ya pikapu, huyakuza, kisha huyapeleka kwenye koili nyingine inayousukuma uzi kwa nguvu ya sumaku, noti isizimike mpaka kidole kiachie. Nguvu hiyo hudhoofika haraka kwa umbali, hivyo koili lazima iwe karibu sana na nyuzi. Kinachousukuma uzi au kuilinda sauti yake changa kikae ndani. Kinachoipamba tu sauti iliyokwisha kukuzwa kibaki nje, ambako fundi atakifikia bila kulifungua gitaa.