Bei ya Kiwiko

Juni 2014, klabu ya besiboli ya Houston Astros ilikuwa na haki ya kuchagua chipukizi mmoja kabla ya klabu nyingine zote 29 za Ligi Kuu ya Marekani. Ilimchagua Brady Aiken, mrushaji wa mkono wa kushoto mwenye miaka 17, aliyekuwa ndiyo kwanza anamaliza sekondari San Diego. Dau la usajili lililoripotiwa lilikuwa dola milioni 6.5. Kilichobaki ni vipimo vya daktari tu.

Vipimo ndivyo vilivyovuruga kila kitu. Madaktari wa klabu hawakuridhika na ligamenti ya kiwiko chake, klabu ikashusha dau, Aiken na familia yake wakakataa, na siku ya mwisho ya kusaini ikapita. Machi 2015 kiwiko hicho kilifanyiwa upasuaji. Baadaye Aiken alisajiliwa Cleveland kwa dola milioni 2.5, lakini hakuwahi kucheza hata mechi moja ya Ligi Kuu. Astros walifidiwa nafasi ya pili katika uchaguzi wa 2015, wakamchukua Alex Bregman, ambaye si mrushaji. Miaka miwili baadaye alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa.

Kwa msomaji aliyezoea soka, utaratibu huu unahitaji maelezo kidogo. Vijana wa Marekani, Canada na Puerto Rico hawajichagulii klabu. Kila mwaka klabu huwachagua kwa zamu, na zamu za mwanzo hupewa timu dhaifu. Tangu 2012 kila klabu huwekewa fungu la fedha za madau, na ikilizidisha huadhibiwa. Kijana akishasaini, klabu humiliki huduma yake katika ligi ndogo, kisha kwa takriban misimu sita ya Ligi Kuu, na mitatu ya mwanzo humlipa karibu na mshahara wa chini. Hapo ndipo faida ilipo. Mrushaji mahiri anayenunuliwa akiwa huru ni ghali mno: klabu ya Yankees ilimpa Gerrit Cole dola milioni 324 mwishoni mwa 2019.

Mrushaji ndiye anayeuanzisha mchezo. Husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira wa kilomita 160 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Wasaka vipaji hukaa nyuma ya wavu wakiwa na kipima mwendo cha mkononi, kama ile tochi ya askari wa usalama barabarani Tanzania, na kila aina ya mpira huipa alama kati ya 20 na 80. Alama ya 50 ni wastani wa Ligi Kuu. 80 hutolewa kwa nadra sana. Hupimwa mpira wa kasi, mpira wa kupinda, mpira wa kupunguza mwendo, na uwezo wa kuupeleka mpira mahali unapotakiwa. Kila kipengele hupewa alama mbili: ya leo, na ya siku kijana atakapokomaa. Hiyo ya pili ndiyo inayogharimu mamilioni.

Siku hizi kamera na rada huhesabu hata mizunguko ya mpira kwa dakika. Mfumo wa Statcast umekuwa katika viwanja vyote vya Ligi Kuu tangu 2015, na vifaa vya aina hiyo vimeshashuka hadi vyuoni na sekondari. Kijana anajua namba zipi zinalipa, kwa hiyo anazifukuzia. Wastani wa mwendo wa mpira wa kasi katika Ligi Kuu umepanda kutoka takriban kilomita 147 kwa saa mwaka 2008 hadi takriban 152 mwaka 2024. Ripoti ya Ligi Kuu yenyewe, iliyotolewa Desemba 2024, ilizitaja mbio za kusaka kasi na mizunguko kuwa miongoni mwa sababu kuu za majeraha ya warushaji. Kwa maneno mengine, kinachompandishia kijana bei ndicho kinachomla mkono, na hilo linapaswa kuwakera wote wanaoupenda mchezo huu.

Ligamenti ya ndani ya kiwiko ikikatika, daktari huchukua kano sehemu nyingine ya mwili na kuishona mahali pake. Frank Jobe aliufanya upasuaji huo kwa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John, na tangu hapo unaitwa kwa jina la mgonjwa. John alirudi uwanjani 1976, akashinda mechi 164 zaidi. Hata hivyo, kupona huchukua mwaka mzima au zaidi, na si wote wanaorudi walivyokuwa.

Hakuna aliyezionja pande zote mbili, fedha na majeraha, kama Stephen Strasburg. Washington walimchagua wa kwanza 2009 na kumpa mkataba wa dola milioni 15.1, rekodi kwa wakati huo. Katika mechi yake ya kwanza, Juni 2010, wapigaji 14 walitolewa baada ya kushindwa kuugonga mpira wake. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Alirudi, na mwaka 2019 akawa mchezaji bora wa fainali zilizowapa Washington ubingwa. Wakamsainisha kwa dola milioni 245 kwa miaka saba. Baada ya hapo alicheza mechi nane tu, kisha akastaafu kwa majeraha. Mikataba ya besiboli hulipwa hata mchezaji akiwa kitandani, kwa hiyo safari hii hasara ilikuwa ya klabu.

Lakini wengi wanaoumia hawajafika huko. Hadi 2022, mchezaji wa ngazi ya chini kabisa ya ligi ndogo alilipwa takriban dola 4,800 kwa mwaka. Mkataba wa kwanza wa pamoja wa wachezaji hao, wa 2023, uliyapandisha malipo hayo hadi takriban dola 19,800. Kijana wa namna hiyo ligamenti ikikatika, hana mamilioni ya kumfariji.

Ndiyo maana klabu makini hazimwekei mtu mmoja matumaini yote. Hutawanya fedha, hasa Jamhuri ya Dominika, ambako klabu zote 30 zina vituo vya mafunzo na vijana husajiliwa kuanzia miaka 16. Framber Valdez alikuwa na miaka 21, umri unaohesabiwa mkubwa huko, Astros walipomsajili 2015 kwa dola 10,000. Mwaka 2022 alishinda mechi mbili za fainali, ikiwemo ile iliyowapa ubingwa. Jacob deGrom naye alisubiri hadi raundi ya tisa ya uchaguzi wa mwaka 2010. Chuoni alicheza zaidi kama mlinzi kuliko mrushaji, na mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Klabu ya Mets ilimlipa dola 95,000. Alitwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, mwaka 2018 na 2019.

Msako huo umeshafika Afrika Mashariki. Timu ya watoto ya Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto, mwaka 2012. Mwaka 2023 Pittsburgh Pirates walimsajili mrushaji wa Uganda, David Matoma. Mwaka huohuo klabu hiyohiyo ilimlipa Paul Skenes, chipukizi aliyechaguliwa wa kwanza, dola milioni 9.2. Skenes aliingia Ligi Kuu Mei 2024. Matoma ilimbidi aanzie ngazi za chini.